Sorosoro si "karibuni": vielezi vya Kijapani vya kusema wakati umewadia

Jioni moja ya Desemba katika mji wa Yamagata, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, niliwaaga wenyeji wangu kwa sentensi niliyoitunga mwenyewe na kuihakiki katika kamusi kabla ya kuitamka: Mamonaku kaerimasu. Nilikusudia kuwaambia kwamba ningeondoka baada ya muda mfupi. Mzee wa nyumba aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake, mkewe akajifunika mdomo kwa kiganja, na mjukuu wao, binti wa miaka kama kumi na miwili, akasimama wima, akanyoosha mkono kama mfanyakazi wa stesheni na kutangaza kwa sauti ya puani: Mamonaku, ichi-ban-sen ni densha ga mairimasu, yaani, punde treni itaingia kwenye njia namba 1. Tangu jioni ile mpaka nilipomaliza masomo, katika nyumba ile sikuitwa tena kwa jina langu. Niliitwa Densha-san, Bwana Treni.

Sarufi ya sentensi yangu haikuwa na kasoro, na kamusi haikunidanganya, kwa sababu mamonaku maana yake ni punde, muda si mrefu, hivi karibuni. Tatizo ni kwamba Kijapani kina vielezi kadhaa ambavyo kamusi ya mfukoni huvifasiri vyote kwa maneno hayo hayo, ilhali mwenye lugha hawezi kuvichanganya hata akiwa usingizini. Kwa muda mrefu nilidhani vinatofautiana kwa urefu wa muda, kwamba kimoja ni dakika mbili, kingine dakika kumi na kingine wiki nzima, nikawa nawasumbua walimu wangu kwa kuwauliza idadi ya dakika. Walinijibu kwa upole kwamba inategemea. Nilichelewa kuelewa kwamba swali lenyewe lilikuwa bovu. Vielezi hivi havipimi muda. Vinaonyesha ni nani au ni kitu gani kinachotamka kwamba wakati umewadia: saa ya ukutani, mazoea ya watu, moyo wa msemaji, au uvumilivu wake uliokwisha.

Turudi basi stesheni, kwa kuwa ndiko nilikopatia jina. Chukulia watu wanaosubiri treni katika kituo kidogo cha mkoani, mahali ambapo treni hupita mara moja kwa saa na theluji imelala kandokando ya reli. Kipaza sauti kinasema mamonaku. Neno hili lina vipande vitatu: ma, yaani mwanya au nafasi, mo, yaani hata, na naku, yaani pasipo, kwa hiyo kiini chake ni "pasipo hata mwanya". Ni neno la anayejua ratiba na anayewatangazia wasioijua. Utalisikia ndani ya treni ya mwendo kasi inapokaribia mwisho wa safari, Mamonaku shūten, Tōkyō desu, na utalisikia kwenye taarifa ya habari. Halimwombi mtu ushauri wala ruhusa, kama vile treni yenyewe isivyouliza kama abiria yuko tayari, na ndiyo maana mgeni anayelitumia kujisemea mwenyewe katika sebule ya watu huonekana kama aliyejiwekea kipaza sauti kifuani.

Mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake anasema: Mōsugu kuru yo, inakuja sasa hivi. (Mstari ulio juu ya irabu unaonyesha kwamba irabu hiyo inavutwa, nasi tusiupuuze, kwa maana katika Kijapani urefu wa irabu hutenganisha neno na neno.) Mōsugu ni ndugu wa mamonaku aliyevua sare ya kazi: ni neno la mazungumzo, lenye furaha kidogo, linalosema tu kwamba jambo liko karibu. Likizo iko karibu, mtoto anakaribia kutimiza miaka mitano, wali unakaribia kuiva, vyote hivyo ni mōsugu. Hata hivyo ndugu hawa wawili wana mwiko mmoja unaofanana, nao ni kwamba hawapendi kukaa na kitenzi cha kuhimizana, kile kinachoishia kwa -mashō, -ō au -yō, ambacho sisi tungekifasiri kwa "twende", "tule", "tulale". Ukisema Mōsugu kaerimashō, Mjapani atakuelewa, lakini sikio lake litakwaruzika.

Sasa mtazame mzee aliyesimama pembeni, ambaye hupanda treni hii kila siku. Anageuza kifundo cha mkono, anaitazama saa yake, kisha anasema, labda kwa mwenzake, labda kwa nafsi yake tu: Sorosoro kuru koro da. Ndio wakati wake wa kuja sasa. Mzee huyu hajatangaza chochote. Amelinganisha hali iliyopo na mazoea aliyo nayo akaona kwamba vimekutana. Mtu asiyeijua ratiba, aliyeletwa pale kituoni kwa mara ya kwanza, hawezi kusema sorosoro, kwa sababu hana matarajio ya kuyapimia. Hapo ndipo nilipouona ufunguo wa neno hili, nami nitakaa nalo kwa kitambo, kwa kuwa ndilo lenye utajiri kuliko mengine yote.

Sorosoro ni miongoni mwa yale maneno ambayo Kijapani kinayo kwa wingi wa kustaajabisha, yanayoigiza namna jambo linavyotendeka kwa kulirudia umbo lake mara mbili. Asili yake si wakati hata kidogo, bali mwendo: sorosoro to aruku ni kutembea polepole na kwa utulivu, kama anyatavyo mtu aliyeamka usiku katika nyumba yenye watoto waliolala. Lipo na neno la jamii hiyo hiyo, sorori, lenye maana ya kufanya jambo taratibu na kwa ulaini. Kwetu sisi tuliokua na polepole, harakaharaka na kidogokidogo, wala si ajabu kuona neno lililorudufishwa likibeba mwendo. Ajabu ni kuliona likiuacha mwendo na kuhamia kwenye wakati. Lakini ukiwaza, njia haikuwa ndefu. Mtu anayeanza kuondoka polepole ni mtu ambaye wakati wake wa kuondoka umefika bila kishindo. Katika Kijapani cha leo maana hii ya pili ndiyo iliyotawala, lakini ule upole wa maana ya kwanza haujaondoka, na anayesema sorosoro ni kama bado ananyata.

Kuhusu matamshi, sisi Waswahili tuna bahati na tuna mtego. Bahati ni kwamba irabu zao ni tano kama zetu, na silabi zao, ukiacha ile n ya kufungia na konsonanti zinazokazwa, huishia kwa irabu kama zetu, hata mwalimu wetu wa kwanza alishangaa jinsi Mtanzania anavyosoma Kijapani kwa sauti siku ya kwanza kana kwamba anasoma gazeti la nyumbani. Mtego ni mkazo. Ulimi wetu umezoea kuibonyeza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema soroSOro, ilhali wao hawabonyezi bali hupandisha kidatu cha sauti kwenye silabi ya kwanza kabisa, SO, kisha sauti inashuka na kubaki chini hadi mwisho. Nilirekebishwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tofauti na mamonaku na mōsugu, sorosoro hukaa raha mustarehe na kitenzi cha kuhimizana: Sorosoro dekakemashō ka, je, tutoke sasa? Hukaa na kitenzi cha wajibu: Sorosoro kaeranakereba narimasen, sasa inanilazimu kurudi nyumbani. Hukaa na ushauri: Sorosoro neta hō ga ii yo, ni vyema ukalale sasa. Hukaa na majira ya mwaka: Sorosoro sakura no kisetsu desu ne, msimu wa maua ya mcheri ndio huo unaingia. Lakini halikai na tendo lililokwisha. Huwezi kusema Sorosoro kaetta ukitaka kueleza kwamba mtu fulani alirudi nyumbani wakati wake ulipofika, kwa sababu neno linatazama mbele daima, linasimama mlangoni kabla mlango haujafunguliwa. Ukitaka kulitia katika habari ya jana, huna budi kulipeleka ndani ya wazo: Sorosoro kaerō to omotte ita, nilikuwa nafikiri kwamba sasa nirudi.

Na zaidi ya yote, linaweza kukaa peke yake. Hili halikuwamo katika kitabu chetu cha kiada, nami naona lilistahili kuwamo katika ukurasa wa kwanza. Mgeni ameketi, mazungumzo yamepungua, kikombe kimebaki na mashapo ya chai. Anaweka viganja juu ya mapaja, anavuta pumzi, anasema: Ja, sorosoro... Kisha ananyamaza. Hakuna kitenzi. Sentensi inaachwa wazi, na wote waliomo chumbani wanaikamilisha kimoyomoyo. Akitaka kuimalizia kwa adabu atasema Sorosoro shitsurei shimasu, ambayo ukiifasiri neno kwa neno ni "sasa ninatenda utovu wa adabu", kwa maana kumwacha mwenyeji ni kumkosea kidogo. Mwenyeji naye ana jibu lake, Mā, mada ii ja arimasen ka, aa, si bado mapema, na pande zote mbili zinajua kwamba jibu hilo ni la heshima na kwamba mgeni ataondoka.

Niliposikia majibizano haya kwa mara ya kwanza nilijiona niko nyumbani Tanga, ukumbini kwa mama yangu mkubwa. "Haya mama, sisi tunaomba ruhusa." "Mbona mapema hivi, wanangu? Hata chai hamjanywa." Chai imekwisha kunywewa mara mbili, na kila mmoja anajua. Kisha watu wanainuka, na mwenyeji anatoka kumsindikiza mgeni, naye Mjapani hutoka vilevile na kusimama barabarani mpaka mgeni apotee kwenye kona. Kwa hiyo desturi ninayo. Nilichokosa jioni ile ya Desemba ni neno tu.

Na hapa niseme neno juu ya tafsiri. Nimeona orodha za msamiati, baadhi zikiwa zimeandaliwa na wanafunzi wenzangu kwa nia njema, zinazofasiri sorosoro kwa "karibuni". Sitaki kuwalaumu, lakini hebu tulitazame neno letu. Mwenye nyumba husema karibuni anapowafungulia wageni mlango. Mtu anayefundisha kwamba sorosoro ni karibuni amelichukua neno la kuagia akalifasiri kwa neno la kukaribishia, na hata tukilitazama karibuni kwa maana ya wakati, ni neno la magazeti na matangazo ya biashara: bidhaa mpya zitawasili karibuni. Hiyo ni kazi ya mamonaku. Mimi ninapotafsiri sorosoro huona kwamba hakuna kielezi kimoja cha Kiswahili kinachoweza kukaa mahali pake siku zote. Mgeni anayeaga atasema "haya basi". Anayetazama saa atasema "ndio wakati wake sasa". Mama anayemhimiza mtoto atasema "haya, kaoge sasa", na ile "haya" ya mwanzo pamoja na ile "sasa" ya mwisho ndizo zinazobeba sorosoro baina yao, kama watu wawili wanavyobeba kikapu kwa mikono yake miwili.

Hata hivyo upole wa neno hili usimpumbaze mtu. Mwaka wangu wa pili, mwishoni mwa Oktoba, msimamizi wa tasnifu yangu alinipita kwenye korido ya maabara, akasimama na kusema kwa tabasamu: Sorosoro kakihajimeta hō ga ii desu ne. Nilisikia: karibuni itakuwa vyema ukianza kuandika. Nikaitikia, nikashukuru, nikaendelea na vipimo vyangu kwa majuma mawili, nikijua kwamba karibuni bado haijafika. Aliponiuliza sura ya kwanza iko wapi, nikamjibu kwa uaminifu kwamba sijaianza, na uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada. Yeye alikuwa ameniambia kwamba wakati wa kuanza umefika, na kwamba ningekuwa mtu wa kujiongeza ningekwisha kuanza kabla ya kuambiwa. Sorosoro kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo ni amri iliyovikwa kanzu. Kwa kuwa neno husimama juu ya matarajio ambayo pande zote mbili zinatakiwa kuwa nayo, mkubwa anayelitamka anakuambia pia kwamba matarajio yake yeye tayari yamefika, na kwamba ni wewe uliyebaki nyuma.

Upande wa pili, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, mambo ni magumu zaidi. Huwezi kumwambia profesa kwamba sasa amalize hotuba yake. Utakachofanya ni kuutwika wakati mzigo huo: Sensei, sorosoro o-jikan desu, mwalimu, ndio wakati wenyewe huu. Hakuna aliyemkatisha, ni saa tu. Mwenyeji naye hawezi kumwelekezea mgeni sorosoro ya kuondoka, kwa maana atakuwa amemfukuza, isipokuwa apate kitu kingine cha kusingizia, na katika miji ya Japani kitu hicho ni treni ya mwisho ya usiku, shūden. Sorosoro shūden no jikan desu kedo, daijōbu desu ka, wakati wa treni ya mwisho unaingia, je, hutapata taabu? Hapo mwenyeji amekuwa mwenye huruma, na mgeni ameipata ishara. Watu wa Kyoto husimuliwa kote nchini kwamba wao hawahitaji hata hilo, kwamba mgeni akizidisha kukaa huulizwa tu kama angependa bakuli la bubuzuke, wali uliomiminiwa chai, na mgeni mwerevu huchukua mkoba wake badala ya kijiko. Kama hufanyika kweli au ni masimulizi tu, Wajapani wenyewe hubishana juu yake kwa furaha kubwa. Sisi tulio na methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hatuna haki ya kuwacheka.

Maduka makubwa yamegawa kazi hii kwa ustadi. Muda wa kufunga unapokaribia, sauti laini hutangaza mamonaku, kwamba punde duka litafungwa, na chini ya sauti hiyo hupigwa muziki wenye asili ya Uskoti uliopangwa kwa mapigo matatu kama wa dansi ya waltz. Ni tangazo la mamonaku, lakini muziki ndio unaowafanya watu warudishe vitu rafuni na kuelekea kwenye foleni ya malipo. Nimewahi kumwona bibi mmoja akiufuata kwa kutikisa kichwa huku bado anachagua figili.

Sasa twende kwenye nyumba ambamo upole umekwisha. Ukuta kati ya chumba changu na jirani ulikuwa mwembamba, na jirani alikuwa na mtoto wa shule asiyependa kulala. Kila usiku nilisikia ngazi ile ile ya vielezi ikipandwa. Kwanza Sorosoro nenasai, haya, kalale sasa. Baada ya robo saa, Mō nenasai, ambapo mō ni sawa na kusema kwamba wakati umekwisha kufika na hauhitaji kujadiliwa. Na baada ya robo saa nyingine, kwa sauti iliyopitia ukutani bila shida, Iikagen nenasai! Ii ni nzuri. Kagen huandikwa kwa alama mbili, moja ya kuongeza na nyingine ya kupunguza, na maana yake ni kipimo kinachopatikana kwa kuongeza na kupunguza. Yukagen ni kipimo cha joto la maji ya kuogea; shiokagen ni kipimo cha chumvi katika chakula. Kwa hiyo iikagen hapo mwanzo ilikuwa sifa njema, kipimo kizuri, kiasi kinachofaa. Lakini neno limeteleza. Leo iikagen na hito ni mtu wa ovyo, asiyeshika ahadi, na Iikagen ni shinasai ni "yatosha sasa!" Katika kazi yake ya wakati, iikagen husema kwamba kile kipimo kizuri kimekwisha kupitwa, na kwamba msemaji alikuwa akihesabu muda wote huo. Mgeni asilitumie. Nililitumia mara moja kwa mashine ya kuuzia vinywaji iliyomeza sarafu zangu, na mpita njia akaniomba radhi kwa niaba yake.

Iyoiyo ni habari nyingine kabisa. Limetokana na kurudufisha iya, neno la kale lenye maana ya zaidi na zaidi, na maana hiyo bado ipo: mvua inayozidi kupamba moto hunyesha iyoiyo. Katika wakati, neno hili ni la jambo lililosubiriwa, likazidi kukaribia, likapanda kama maji ya bamvua mpaka likafika ukingoni. Siku moja kabla ya kuitetea tasnifu yangu (ndiyo, iliandikwa), wenzangu wote walinisalimu kwa maneno yale yale: Iyoiyo ashita desu ne, ndiyo kesho hatimaye! Wangesema sorosoro, ningejiona kama ninayekwenda kukata nywele. Wangesema mamonaku, ningejiona niko uwanja wa ndege. Iyoiyo inatambua kwamba moyo unadunda. Kwa sababu hiyo haifai kwa mambo madogo, jambo nililoligundua katika mkahawa wa chuo nilipowatangazia wenzangu Iyoiyo hirugohan desu ne, wakaacha mazungumzo na kuniangalia kama mtu aliyekuwa amefunga tangu mwezi uliopita.

Vielezi vya upande wa pili wa tukio, vinavyosema kwamba jambo limetimia, nitavipitia kwa haraka, kwa kuwa si vya kuchukua hatua bali vya kushusha pumzi. Treni iliyochelewa ikiingia hatimaye, mwanamke aliyeganda kwa baridi atasema Yatto kita, naam, imekuja, na katika yatto mna taabu na nafuu pamoja. Isipokuja kabisa, hawezi kusema yatto, kwa sababu hakuna nafuu. Atasema Tōtō konakatta, mpaka mwisho haikuja. Tōtō hutazama tu kwamba mwisho wa njia ndefu umefika, uwe mzuri au mbaya. Kiswahili chetu kinatumia "hatimaye" kwa vyote viwili bila kusumbuka.

Ukishuka kusini magharibi mpaka Osaka, sorosoro hupata mpinzani, naye ni bochibochi. Bochibochi ikoka, haya, twende basi, husema watu wa huko, na bochibochi hiyo hiyo ndiyo jibu maarufu la mfanyabiashara anapoulizwa kama biashara inalipa: Bochibochi denna, tunasogea hivyohivyo. Ni neno la mwendo wa kadiri, usio wa haraka wala wa kulala, nalo limepita njia ile ile ya sorosoro kutoka kwenye mwendo kwenda kwenye wakati. Kwamba maneno mawili tofauti yamefanya safari moja kunanihakikishia kwamba sikukosea nilipoiona njia hiyo kuwa fupi.

Neno jingine lililosafiri ni yagate, ila lenyewe lilikwenda kinyume na matarajio yangu. Katika Kijapani cha kale yagate ilikuwa "papo hapo", bila kukawia. Leo ni "baada ya muda", na muda huo unaweza kuwa wa miaka. Nilipomweleza mwalimu wa fasihi kwamba sisi tunaushuhudia mchakato huu kwa macho, kwamba fundi anayesema "sasa hivi nafika" anaweza kufika baada ya adhuhuri na asihesabiwe kuwa mwongo, alicheka sana na kusema kwamba basi Kiswahili kiko katikati ya yagate yake.

Nilitaka kuishia kwenye vielezi tu, lakini kuna nomino moja ambayo mtu wa pwani hawezi kuipita bila kuisalimu. Ni shiodoki. Shio ni maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Doki ni toki, wakati. Shiodoki ni wakati wa maji, na kwa hiyo ni wakati unaofaa kufanya jambo, kama vile mvuvi asivyosukuma chombo chake kwa matakwa yake bali kwa matakwa ya maji. Wajapani wengi siku hizi hulitumia kwa upande mmoja tu, ule wa kuacha: mchezaji aliyechoka, mfanyakazi anayefikiria kujiuzulu, wachumba waliokinaiana, wote husema shiodoki kana na, nadhani maji ndiyo haya. Walinzi wa lugha hukumbusha kwamba neno halikuhusu kuacha peke yake bali hata kuanza. Baba yangu, ambaye hakuwahi kusikia neno moja la Kijapani, angekubaliana nao bila kusomewa kamusi, kwa maana maji yanayomrudisha mtu nyumbani ndiyo hayo hayo yanayomtoa.

Mwenyeji wangu wa Yamagata sasa amezeeka sana, na yule binti aliyeniita Bwana Treni ni mtu mzima anayefanya kazi mjini Sendai. Mimi humpigia bibi yake simu mara chache kwa mwaka. Tunazungumza juu ya theluji, juu ya miguu yake, juu ya cheri za Yamagata ambazo huvunwa Juni, na ambazo huko tunda lake lina heshima kuliko maua. Kisha unafika ukimya ninaoujua, na sauti yake inashuka kutoka SO hadi ro: Ja, sorosoro... Nami namjibu, Hai, sorosoro desu ne. Lakini adabu inataka kila mmoja amngoje mwenzake atangulie kukata simu, kwa hiyo tunabaki pale, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka aseme tena kwa kicheko, haya, Densha-san, panda.